Siku Mbili kwa Rafiki Ukingoni mwa Mchanga wa Wahiba

Swali: Mimi ni muuguzi, ninaishi Tanga. Rafiki yangu wa tangu shule ya msingi aliolewa Oman na sasa anaishi Bidiyah pamoja na wakwe zake. Mavyaa wake bado anafuga mbuzi na ngamia ndani ya mchanga, na hukaa huko kambini sehemu kubwa ya mwaka. Hatujaonana miaka mingi. Nitakuwa Muscat kwa mafunzo ya kazi na nitapata nafasi kuanzia Jumanne mchana mpaka Alhamisi jioni. Mafunzo yanafanyika mara mbili kwa mwaka, Julai na Desemba, nami naruhusiwa kuchagua. Ningependa kumwona rafiki yangu, kulala jangwani, kuogelea Wadi Bani Khalid na kuona kasa wakitaga Ras al-Jinz. Mimi ni Mkristo na sijui Kiarabu. Nichague msimu gani, nipange vipi siku zangu, nichukue zawadi gani, na hatari za huko ni zipi?

Jibu: Dada yangu, chagua Desemba, na kati ya mambo manne uliyoyataja, mawili ya mwisho yaondoe kabisa. Nitaeleza sababu, lakini kwanza nataka uwe na kipimo kimoja cha kupimia kila uamuzi wa safari hii, kwa kuwa maswali mengine yatakuzukia huko huko, pasipo mtu wa kumuuliza. Kipimo chenyewe ni kwamba wewe utaondoka Alhamisi, na rafiki yako atabaki. Atabaki na mavyaa, mawifi na majirani waliomwona mgeni aliyetoka kwao, nao watamkumbusha kwa muda mrefu jinsi mgeni huyo alivyokaa, alivyokula na alivyoaga. Mwanamke aliyeolewa mbali na nyumbani hana dada wala shangazi wa kumtetea mbele ya wakwe zake kila siku, na ndiyo maana mgeni mmoja mwenye adabu, hata akikaa siku mbili tu, humjengea heshima ambayo angeihangaikia peke yake kwa miaka. Katika kazi yangu ya kuongoza wageni eneo hilo la Sharqiyah nimeona urafiki wa utotoni ukimpandisha mtu hadhi ukweni, na nimeona pia ziara ya pupa ikimwachia mwenyeji maneno. Kila utakapositasita, tazama ni lipi litakalomwacha rafiki yako akitembea kifua mbele.

Sasa msimu. Mchanga wa Wahiba, ambao kwenye ramani za siku hizi huandikwa Mchanga wa Sharqiyah, una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 12,500, urefu wa kama kilomita 180 kutoka kaskazini kwenda kusini, na upana wa kama kilomita 80. Bidiyah iko upande wa kaskazini, mahali ambapo mitende inakoma na mchanga unaanza. Mwezi wa Julai joto la mchana hupita nyuzi 45 mara kwa mara, na kusi huvuma kwa nguvu. Watu wa Tanga mnaujua upepo huo kwa habari za majahazi, kwa sababu kaskazi ndiyo iliyoyaleta majahazi ya Sur, bandari ya Oman, mwambao wetu, na kusi ndiyo iliyoyarudisha kwao. Upepo huo huo ukifika nchi kavu ya Oman husukuma mchanga. Ndio uliojenga matuta marefu yanayolala kutoka kusini kwenda kaskazini, mengine yenye kimo cha mita 100 hivi, na kati ya tuta na tuta ukaacha mabonde mapana ambamo watu na mifugo hupita. Mtu anayekaa nje Julai hula mchanga pamoja na chakula chake.

Kuna sababu nyingine inayonifanya nisisitize, nayo wasafiri wengi hawaijui. Kiangazi ni msimu wa tende. Tangu zamani familia nyingi za Wahiba, kabila lililoupa mchanga huo jina, huhama mchangani miezi hiyo na kwenda kukaa kwenye mashamba ya mitende yaliyo ukingoni, kama vile Al Hawiyah, ambako kuna maji, kivuli na kazi ya kuvuna. Ungefika Julai kwa hamu ya kulala kambini, ukakuta mama mwenye kambi yuko shambani na ana shughuli nyingi, na rafiki yako akalazimika kuomba watu wakupeleke mahali ambapo wenyewe wamepakimbia. Desemba mambo ni tofauti. Mchana huwa kama nyuzi 25, usiku ni wa baridi, malisho hupata nafuu mvua ikinyesha, na watu wana nafasi ya kukaa na mgeni.

Kuhusu kasa wa Ras al-Jinz, wanaotaga wengi zaidi huja miezi ya joto, na kuwatazama hufanyika usiku au kabla ya alfajiri, mbele zaidi ya Sur. Kwa hiyo Desemba ungetumia usiku wako mmoja kati ya miwili kusafiri kwa ajili ya kitu ambacho huenda usikione sana. Wadi Bani Khalid ni karibu zaidi, na mabwawa yake ni mazuri kweli, lakini safari hiyo inakula nusu siku, na wanawake huko huoga wakiwa na nguo za kuwasitiri vizuri. Tena, kabla hujafika majini itabidi mume wa rafiki yako au shemeji yake aache kazi awapeleke. Wao hawatakataa ukiomba, na kwa sababu hawatakataa, usiombe. Kama siku moja utarudi Oman kwa likizo yako mwenyewe, Wadi Bani Khalid itakuwa palepale.

Badala yake, kuna jambo moja ambalo hukulitaja nami ningeliweka. Jumatano asubuhi mji wa Ibra una soko la wanawake, ambako wauzaji ni wanawake na wanunuzi ni wanawake. Huuzwa vitambaa, nakshi za kushonea nguo, udi, mafuta mazuri, wanja, vyombo na barakoa zile za kufunika uso. Soko huanza mapema na kumalizika kabla ya adhuhuri. Mwulize rafiki yako kama yeye na mawifi zake wana desturi ya kwenda, na kama ndiyo, fuatana nao. Ubora wa soko hilo kwako ni kwamba mtakuwa mnafanya jambo ambalo wangelifanya hata usingekuwapo, na maongezi ya wanawake wanaochagua vitambaa hayahitaji Kiarabu kingi. Kama hawaendi, baki nyumbani na usitaje soko tena.

Kutoka Muscat hadi Bidiyah ni kama kilomita 220, na barabara ni nzuri mwendo wote, ikipita Bidbid na Ibra kuelekea Sur. Mabasi ya Mwasalat yaendayo Sur hupita njia ya Ibra, kwa hiyo uliza ratiba na kituo cha kushukia siku kadhaa kabla. Panga kufika alasiri, kati ya saa kumi na saa kumi na moja, kwa maana baada ya chakula cha mchana watu hupumzika, na mgeni anayebisha hodi saa nane mchana huamsha nyumba nzima. Mwambie rafiki yako saa utakayofika na uishike. Mambo ya makaratasi nayapitia haraka. Visa ya mtandaoni hutolewa na Polisi ya Kifalme ya Oman, na ni vyema kuishughulikia mapema. Chukua cheti chako cha chanjo ya homa ya manjano. Dawa zako zote ziwe kwenye pakiti zake, zikiwa na karatasi ya daktari, hasa dawa kali za maumivu, kwa kuwa sheria za huko kuhusu dawa ni kali.

Ukifika, vua viatu mlangoni, na usalimie kila aliyemo chumbani mmoja mmoja, ukianzia kulia kwako, hata kama wanawake waliokusanyika ni kumi. Salamu ya "As-salaam alaykum" itoe bila wasiwasi. Umekua Tanga na umeisikia maisha yako yote. Baada ya salamu utaulizwa habari, na jibu la kwanza daima ni kwamba mambo ni salama, hata kama kuna ugonjwa au msiba. Habari zenyewe huja baadaye. Hili halitakushangaza, kwa maana na sisi husema "njema tu" kwanza, kisha ndipo tukaeleza kuwa mtoto amelazwa. Mavyaa akikuuliza habari za nyumbani kwenu, jibu vivyo hivyo, na mengine yaache mpaka kahawa inywewe.

Kahawa ndiyo sehemu ninayotaka uielewe vizuri kuliko zote, kwa sababu ndiyo utakayopimiwa mwanzo. Kwanza huja tende, nazo huliwa kwa mkono wa kulia. Kisha binti au mwanamke mdogo wa nyumba atasimama mbele yako, dele, yaani birika la kahawa, likiwa mkono wake wa kushoto na vikombe vidogo visivyo na mkono vikiwa mkono wa kulia, akumiminie kahawa chungu yenye iliki. Atakumiminia kidogo tu, kama robo ya kikombe, na huo si uchoyo: inakusudiwa uinywe ikiwa moto, kisha uongezwe. Kahawa ya kwanza usiikatae, hata kama umetoka kunywa chai njiani. Ukimrudishia kikombe bila ishara yoyote, atamimina tena, na ataendelea kumimina. Ukitosheka, kishike kikombe kwa vidole na ukitikise kidogo kulia na kushoto unapomkabidhi. Vikombe viwili au vitatu ni kiasi cha kupendeza. Pengine italetwa na halua, na hapo utajiona uko nyumbani, kwa kuwa ile ya Unguja na hii ni ndugu.

Sasa nifike kwenye hatari ambayo hukuiuliza, nami naiogopa kuliko nge na jua. Ninyi wawili hamjaonana miaka mingi, na mtakapokutana Kiswahili kitamwagika. Mtacheka, mtataja majina ya walimu na wanafunzi wenzenu, na mavyaa atakuwa amekaa hapo anawatazama midomo. Sharqiyah ni eneo ambalo familia zake nyingi zilikuwa na watu wao Unguja, Pemba na bara ya Afrika Mashariki, na baada ya mapinduzi ya Zanzibar ya 1964, na zaidi baada ya Sultani Qaboos kushika madaraka mwaka 1970, wengi walirudi na lugha yetu. Kwa hiyo unaweza kukuta jirani wa mjini anayezungumza Kiswahili safi kuliko chako. Lakini mama aliyekulia mchangani kwa kawaida hakijui. Mwanamke mzima akikaa nyumbani kwake saa mbili bila kuelewa linalosemwa, hudhani anasengenywa, na wa kulaumiwa atakuwa mkwewe. Kubalianeni kwa simu kabla hujafika kwamba, mbele ya mavyaa, kila mnapocheka rafiki yako atamtafsiria sababu, na kwamba maongezi yenu ya moyoni yatangoja usiku, mkishalala chumba kimoja. Jifunze pia maneno machache ya Kiarabu cha Oman kutoka kwa rafiki yako na uyatamke kwa mavyaa mwenyewe. Mshirikishe katika kicheko chenu, na atakuwa upande wa rafiki yako hata wewe ukishaondoka.

Kwa upande wa chakula, jiandae kusikia kuwa mbuzi amechinjwa kwa ajili yako. Ukisikia hivyo, shukuru mara moja, na ule. Usirudierudie kusema kuwa wasingejisumbua, kwa maana maneno hayo huifanya heshima waliyokupa ionekane kama deni. Mtakula wanawake pekee, mmeketi chini kuzunguka sinia, na kila mmoja hula upande ulio mbele yake. Nyama nzuri zitasogezwa kwako. Wenyeji huwa hawaachi kula mpaka mgeni aache, kwa hiyo ukishiba punguza mwendo wa mkono badala ya kuuondoa ghafla.

Hata hivyo, unaweza kumpunguzia rafiki yako mzigo bila kumvunjia heshima, na njia yenyewe ni kuomba chakula cha kila siku kwa namna ya kukisifu. Watu wa Wahiba tangu zamani wamekuwa wakitembea kati ya wavuvi wa pwani ya Bahari ya Arabu na mashamba ya tende ya huku Bidiyah, wakileta samaki wakavu na kupeleka tende. Hata ngamia huko hulishwa dagaa wakavu malisho yanapopungua. Papa mkavu kwa wali ni chakula chao kama kilivyo chenu. Mwambie rafiki yako kabla ya safari kwamba Jumatano ungependa kuonja papa mkavu wa mavyaa wake. Mgeni aliyetoka Tanga akiomba hivyo, jikoni patafurahi, gharama itashuka, na hakuna atakayehisi kuwa umewahurumia.

Maziwa ya ngamia ni suala la kitaalamu, nawe ni muuguzi, kwa hiyo nasema waziwazi: usinywe mabichi. Maziwa mabichi yanaweza kubeba bakteria wa brusela, na virusi vya MERS, vya ugonjwa mkali wa kupumua, vilivyotambuliwa mwaka 2012, makao yake ni ngamia. Lakini kulikataa bakuli lililokamuliwa mbele yako na mkono wa mama mzee ni jambo zito, kwa hiyo lisingoje mpaka likufikie. Rafiki yako aeleze mapema kwamba tumbo lako limezoea maziwa yaliyochemshwa, na yachemshwe kabla hujaletewa. Ukikuta yameletwa mabichi, weka mkono wa kulia kifuani, shukuru, na rafiki yako amalize maneno. Unapotembelea zizi, usiguse pua wala mdomo wa ngamia, na unawe mikono ukitoka.

Kuhusu kulala jangwani, kuna kambi nyingi za kitalii ndani ya mchanga zenye vitanda na chakula, na utakapozitafuta kwenye simu utavutiwa. Usiweke nafasi hata moja. Mgeni anayelipa kulala kambi ya biashara wakati wenyeji wake wako umbali mfupi anautangazia mji mzima kwamba hakupata pa kulala. Jumanne lala nyumbani kwa rafiki yako. Jumatano alasiri mkienda kambini kwa mavyaa, mtalala huko ikiwa yeye mwenyewe atasema mlale, naye karibu hakika atasema. Asiposema, mtarudi mjini usiku na mtakuwa mmepata jioni nzuri.

Njia ya kufika kambini iwe mikononi mwa watu wa nyumba hiyo. Gari dogo la kukodi haliwezi kwenda, na hata ukiwa na gari linalovuta kwa magurudumu yote manne, mchanga una elimu yake. Pale Al Mintarib, mji mkuu wa Bidiyah, utaona madereva wakisimama kupunguza upepo wa tairi kabla ya kuingia, kutoka kiasi cha paundi 35 hadi 15 au 18 hivi, ili tairi ilale na kuukanyaga mchanga kwa upana. Tuta la mchanga lina upande wa kupandia, ulioshindiliwa na upepo na wenye mteremko wa taratibu, na lina upande wa pili ambao mchanga wake ni laini na umeinama ghafla. Dereva asiyejua huvuka kilele kwa kasi akiwa haoni kilicho ng'ambo, na gari hupinduka. Vijana wa kiume wa familia hupenda kumwonyesha mgeni ufundi wao juu ya matuta, na wewe una haki ya kusema kwamba unaogopa. Hakuna aibu katika hilo, na mavyaa atakuunga mkono. Kama gari litanasa au kuharibika, kaeni kwenye kivuli chake na mngoje. Gari huonekana kwa mbali, na anayetafuta huanza kwa kufuata alama za tairi, lakini mtu aliyeondoka kwa miguu ni vigumu kumpata. Simu hukosa mawimbi katika mabonde mengi ya mchanga, kwa hiyo mtu aliyebaki mjini ajue mmekwenda wapi na mtarudi lini.

Mwili wako uliozoea Tanga utakudanganya. Nyumbani kwenu jasho hutiririka na nguo hulowa, ukajua kuwa umepoteza maji. Mchangani hewa ni kavu kiasi kwamba jasho hukauka kabla hujaliona, ukadhani hutoki jasho kabisa, mpaka kichwa kinapoanza kuuma. Kunywa lita tatu kwa siku hata Desemba, zaidi ukitembea juani, na utazame rangi ya mkojo kama unavyowafundisha wagonjwa wako. Paka mafuta midomoni na puani. Vaa kofia au mtandio mpana.

Usiku baridi ni ya kweli, nawe usije na kanga peke yake. Lete sweta nzito, soksi na shuka. Jambo linalowashangaza wengi ni umande, kwani bahari haiko mbali na usiku unyevu huingia mchangani, ukungu hutanda, na alfajiri utakuta blanketi limelowa kana kwamba limenyeshewa. Mimea na wadudu wa huko huishi kwa unyevu huo kuliko kwa mvua. Weka simu na nguo za asubuhi ndani ya mfuko wa plastiki. Viatu vikung'ute kabla ya kuvaa, kwa sababu ya nge. Mchana utaiona miti ya ghafu, ambayo mizizi yake hushuka chini sana kutafuta maji, na kivuli chake kitakuita. Kitazame kwanza: kama chini yake kuna kinyesi cha ngamia, usilale hapo, kwa kuwa kupe wa ngamia hujificha mchangani penye kivuli na hutoka wanapohisi pumzi ya kiumbe. Usivunje tawi bichi la ghafu kwa ajili ya kuni. Kwa haja, rafiki yako akuonyeshe upande wanaoutumia wanawake, na karatasi zako zirudi nazo ndani ya mfuko. Mwulize mapema, kabla ya giza, maana usiku kambi zote na matuta yote hufanana.

Mavazi yawe marefu na mapana, yenye mikono mirefu. Si lazima uvae baibui, na dera lako la nyumbani linafaa kabisa. Mtandio uwe mabegani wakati wote, na kichwani wanapoingia wanaume. Wakikuchekea kwa furaha kwa kuwa nguo zako wanazijua, washukuru bibi zao waliokaa mwambao. Wanawake wa Wahiba wengi huvaa barakoa yenye ukingo uliosimama kati ya macho. Usiiguse, usiombe kuijaribu, wala usimwombe mama aivue mkiwa peke yenu. Akiivua mwenyewe, endelea na maongezi kama kawaida. Picha za watu zisipigwe bila ruhusa, na ruhusa ya kupiga isichukuliwe kuwa ruhusa ya kuirusha mtandaoni. Picha za wanawake wa nyumba hiyo na za vyumba vyao zisiende popote.

Zawadi ya rafiki yako unaijua mwenyewe. Kwa mavyaa, peleka iliki ya Amani, kavu na iliyofungwa vizuri, kwa sababu ni kitu kinachotoka milima ya kwenu na kitaingia kwenye dele lake siku hiyo hiyo. Akiwahudumia majirani kahawa atasema imetoka kwa mgeni wa mkwewe. Ongeza jozi ya kanga kwa kila wifi, ukiuliza kwanza wako wangapi ili asikose mmoja. Chai ya Usambara nayo hupokelewa vizuri. Zawadi mkabidhi mavyaa kupitia kwa rafiki yako, baada ya kahawa, na usitazamie ifunguliwe mbele yako. Pesa usimpe mtu yeyote wa nyumba hiyo. Kama mama anafuma kamba na mapambo ya ngamia ya kuuza, nunua kwa bei aliyoitaja bila kupatana, na ununue kimoja au viwili tu, wasije wakadhani mgeni amegeuka mteja.

Usione haya kwa kulala siku mbili. Katika mafundisho ya Kiislamu ugeni ni siku tatu, na baada ya hapo kinachotolewa ni sadaka. Mgeni naye hukatazwa kukaa mpaka amtie mwenyeji wake katika dhiki. Sisi tumekuwa wakali zaidi, tukasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Kwa hesabu zote mbili uko ndani ya haki yako. Jumatano waweza kumsaidia rafiki yako kuosha sinia, akikubali.

Alhamisi anza kuaga mapema, kwa maana kuaga huko ni shughuli. Kitaletwa chetezo chenye makaa na udi, kipitishwe kwa kila mmoja. Kikikufikia, kivute karibu, fukiza mtandio na mikono ya nguo yako, kisha mpe aliye karibu nawe. Kwa desturi za Waarabu, udi ukishapita mgeni hakai tena, kwa hiyo usianzishe hadithi mpya baada yake. Simama, mshukuru mavyaa kwanza, halafu mawifi, na rafiki yako awe wa mwisho. Kama chetezo hakijaletwa na saa yako ya basi inakaribia, rafiki yako ndiye wa kusema, si wewe.

Ondoka Bidiyah mapema mchana, ili uwe umefika Muscat kabla ya magharibi. Ngamia huvuka barabara usiku na mwenye gari humwona akiwa amechelewa, kwa kuwa mwili wake uko juu ya mwanga wa taa. Kama mvua imenyesha milimani, hata kama Bidiyah kuna jua, dereva asivuke bonde lenye maji yanayokimbia. Wadi al-Batha hupita kando ya mchanga huo huo, na mafuriko yake hufika bila wingu kuonekana juu yenu. Kuvuka ni kosa la kisheria Oman, na nauli ya teksi ya siku inayofuata ni nafuu kuliko yote hayo. Ukifika Muscat, tuma ujumbe wa sauti kwa mavyaa, si kwa rafiki yako peke yake, ukitumia yale maneno machache ya Kiarabu uliyojifunza, umwambie umefika salama na kwamba mbuzi wake wamekufurahisha.